Jibu: Hadithi za majini na muziki wa usiku wa vuli

Salaam ndugu. Umesema mvua za vuli zikianza watoto wanadai hadithi za majini, kisha hawalali, na hujui uwawekee muziki gani. Kwanza angalia umri wa yule mdogo kabisa. Kama hajaanza shule, Popobawa, yule jini wa Zanzibar anayesemekana kuwavamia watu usiku ndani ya nyumba, mwache kando. Mwaka 1995 hofu yake iliwalaza hata watu wazima nje huko Pemba na Unguja. Hapa kwangu Tabata, Dar es Salaam, tunaanza na "Paukwa", wanaitikia "Pakawa", namsimulia jini wa mbuyuni mpaka anahama kabisa. Ndipo naweka taarabu ya zamani, ya ala za nyuzi za udi na kanuni, sauti ndogo kuliko mvua kwenye bati. Ya kisasa inawachangamsha mno. Mbaraka Mwinshehe naye anafaa sana, gitaa lake linabembeleza.