Hizo fitingi nane za tyubu ziache huko huko ofisini

Mkuu, hizo fitingi usizichukue hata wakikupa bure.

Umeandika kwamba ofisi moja inabadilisha dari na inakuachia fitingi nane za tyubu mbili mbili za futi nne kwa bei ya kutupa. Karakana yako iko Njombe, mita 6 kwa 7, tofali na paa la bati bila dari, kazi ni useremala na lesi ndogo (mashine ya kuzungusha na kuchonga). Halafu ukamalizia: “zikisumbua kwa baridi nitachomeka tyubu za LED kwenye fitingi zile zile.” Umeuliza pia rangi ya mwanga, sensa ya mlangoni, na kama uvute laini mpya kutoka main switch. Hayo yatasubiri. Hiyo sentensi ya kuchomeka LED ndiyo imenifanya niache kazi nije kuandika, kwa sababu ni kosa nililolilipia mara mbili, na maneno ni yale yale niliyoambiwa dukani: “Unachomeka tu, bosi.” Huchomeki tu.

Kwanza ujue kwa nini zitasumbua. Tyubu ya kawaida inatoa mwanga kwa mvuke wa zebaki. Zile za T8, nene kama inchi moja, hufanya kazi vizuri hewa ikiwa karibu nyuzi 25. Asubuhi ya Julai huko kwenu, chini ya bati, uko chini ya nyuzi 10. Zebaki nyingi inabaki matone kwenye kioo badala ya kuwa mvuke, na mwanga unafifia. Robo ya mwanga inaweza kupotea, na baridi ikizidi hata nusu. Kuwaka kwenyewe, kwa fitingi za zamani zenye stata (kile kikopo kidogo cha kuwashia), ni shughuli: stata inafunga njia, nyuzi za waya za kwenye ncha zinapata moto, stata inaachia, choki, yaani koili ya kudhibiti umeme wa tyubu, inapiga volti kubwa ya ghafla. Kwenye baridi tyubu haikubali pigo la kwanza, stata inarudia, inarudia tena. Ile pakapaka unayoiona kila asubuhi siyo kero ya macho tu. Kila pigo linarusha sehemu ya dawa iliyopakwa kwenye nyuzi, ndiyo maana ncha zinakuwa nyeusi na tyubu inakufa kabla ya umri wake. Ongeza jioni umeme ukishuka hadi volti 180 na jirani anachomelea geti: stata inapepesa tu, hakuna kinachowaka.

Kwa hiyo zitasumbua, na utakwenda kununua tyubu 16 za LED. Hapo ndipo pesa inapotea.

Zile tyubu dukani zinafanana zote. Urefu mmoja, kofia moja, pini mbili kila ncha. Ndani ni vitu tofauti kabisa, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Kuna inayokubali choki ya zamani, ile nzito ya chuma. Hiyo inakuja na stata yake kwenye boksi, na unatoa ya zamani unaweka hiyo. Ndani ya stata hiyo hamna kingine ila fyuzi inayounganisha njia. Ukiacha stata ya zamani, taa inapepesa au haiwaki, na unarudi dukani kumwambia muuzaji tyubu ni mbovu wakati tyubu ni nzima. Ukitupa boksi na stata ikiwa bado ndani, kama watu wengi wanavyofanya, umekwisha.

Sasa fungua kifuniko cha fitingi hizo za ofisini uangalie. Fitingi nyingi za ofisini hazina stata kabisa. Zina kisanduku chembamba kirefu chenye nyaya nyingi, yaani choki ya elektroniki. Hiyo haitoi umeme wa herzi 50. Inatoa umeme wa kasi ya maelfu kwa maelfu ya herzi, na tyubu ya LED ya kawaida ukiichomeka hapo inawaka kwa fujo, au haiwaki, au drayva yake, yaani saketi ya ndani inayolisha LED umeme, inaungua. Zipo tyubu zilizotengenezwa kwa choki za elektroniki, lakini kila moja ina orodha ya choki inazokubaliana nazo. Kuzitafuta kwenye duka la mtaani ni kupoteza mafuta ya pikipiki.

Basi fundi atakwambia tukate choki tuunge moja kwa moja. Hapa ndipo nilipochomwa, na hapa usome taratibu.

Tyubu za kuunga moja kwa moja ziko za namna mbili. Moja inapokea moto (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) kwenye ncha moja, na pini za ncha ya pili mara nyingi zimeunganishwa pamoja ndani ya kofia. Nyingine inapokea moto ncha hii na nyutro ncha ile. Fundi akishaunga moto na nyutro kwenye holda (kishikio cha pini) ya upande mmoja, fitingi hiyo inakubali tyubu ya namna ya kwanza peke yake, tena ikiwa imeelekea upande mmoja tu. Ukiigeuza, au ukinunua ya duka jingine mwaka unaofuata, ncha iliyounganishwa ndani inaingia kwenye moto na nyutro. Hiyo ni shoti kamili. Unasikia mlio, kofia inakuwa nyeusi, plastiki ya holda inatoa harufu, breka inaanguka. Hapo umesalimika. Kama mtu ameweka breka kubwa kuliko waya, nyaya nyembamba za ndani ya fitingi ndizo zitakazobeba mzigo, na juu ya hayo una mbao na vumbi la paini.

Ile namna nyingine, ya moto huku na nyutro kule, ina hatari yake. Ukiwa juu ya ngazi umeshaingiza ncha moja na swichi haijazimwa, ncha ya pili iko mkononi mwako. Kwenye tyubu rahisi zisizo na kinga, umeme unapita katikati na kutokea kwenye pini unazozishika.

Kama tayari una tyubu nyumbani na unataka kujua ni ya namna gani, weka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani. Gusa pini mbili za ncha moja, kisha za ncha ya pili. Ncha inayosoma karibu na sifuri imeunganishwa ndani. Zikisoma sifuri zote mbili, moto unaingia huku na nyutro inaingia kule. Ikisoma sifuri moja tu, umeme unaingia kwenye ile isiyosoma sifuri, na mara nyingi ina kibandiko kidogo cha L na N ambacho kinachubuka siku ya kwanza unapofuta vumbi. Tafakari hilo: usalama wa karakana nzima unategemea kibandiko cha ukubwa wa kucha.

Na gharama? Tyubu 16, siku ya fundi kukata choki nane, holda zinazovunjika kwa sababu plastiki imezeeka kwa joto, halafu kila anayekuja kubadilisha tyubu miaka ijayo hajui ndani kuna nini. Choki za bure zimekula pesa kuliko taa mpya. Namlaumu muuzaji, sitaficha. Mtu anayeuza kitu cha umeme akisema “unachomeka tu” bila kuuliza fitingi ina choki gani, anauza ajali. Swali lile lingemchukua sekunde tano.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na kila anayeniuliza ninamwambia hii kabla ya nyingine: nunua taa nzima ya LED, pamoja na drayva yake ndani, usinunue tyubu. Ile ndefu ya futi nne, iliyofungwa, yenye waya mmoja unaotoka. Hakuna holda, hakuna pini, hakuna stata, hakuna cha kugeuza.

Kwa baridi usiwe na wasiwasi. LED inapenda baridi, inawaka papo hapo na inatoa mwanga kidogo zaidi kuliko siku ya joto. Kinachokuharibia wewe ni unyevu. Bati bila dari linapoa usiku, pumzi na unyevu wa mbao vinageuka maji chini yake, na saa moja asubuhi matone yanadondoka mstari kwa mstari. Nunua yenye alama IP65, yaani iliyozibwa vumbi na maji. Waya usiuingize kutoka juu. Uache ushuke chini ya taa kidogo kisha upande kwenye glandi (kizibo cha mahali waya unapoingilia), ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke kwenye ule mpindo lisiingie ndani. Usitoboe mgongo wa taa kwa skrubu. Tundika kwa minyororo au klipu zake, sentimita 20 au 30 chini ya bati.

Soma pia maandishi ya pembeni. Ukiona AC 85–265V, drayva inahimili umeme kushuka na mwanga haubadiliki. Ukiona 220–240V pekee na taa ni nyepesi kama boksi la kiberiti, mara nyingi ndani hamna drayva ya maana, na mwanga utapanda na kushuka na umeme.

Tena zile nyepesi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, lakini lesi inaona. Chukua chaki ya lesi, kile kibanio cha taya nne, kwenye spindo (mhimili) inayozunguka mizunguko 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, yaani robo mzunguko kwa kila mpepeso. Kila taa inapong'aa, taya moja imekaa mahali pa ile iliyotangulia, na chaki inaonekana imesimama. Ikishuka kidogo hadi 1,450 inaonekana inarudi nyuma polepole, kama inayokaribia kusimama. Mtu anapeleka mkono. Tyubu za choki ya chuma nazo zinafanya hivyo hivyo, kwa hiyo hata hizo nane, kama zina choki ya chuma, zingekuletea hili. Kabla ya kulipa, washa taa dukani, weka kamera ya simu karibu nayo. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, irudishe kwenye boksi. Ukiweza, rekodi kwa mwendo wa taratibu. Mpepeso unaonekana wazi zaidi.

Idadi: eneo lako ni mita za mraba 42. Kwa lux 300 (lux ni lumeni kwa kila mita ya mraba, na lumeni ni kipimo cha mwanga wote wa taa) zinazofika kwenye meza unahitaji lumeni 12,600, na kwa tofali zisizopakwa rangi na vumbi gawanya kwa 0.6, unapata 21,000. Taa ya wati 40 inayotoa lumeni 100 kwa wati ina lumeni 4,000. Sita zinatosha, na ziada kidogo. Zipange safu mbili za tatu tatu, moja ikipita juu ya ukingo wa mbele wa meza ya kazi, isiwe nyuma ya kichwa chako, la sivyo utachora mstari ndani ya kivuli chako mwenyewe. Jumla wati 240, kama ampea moja hivi. Waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 vinatosha, lakini iwe laini yake peke yake, isiunganishwe na msumeno. Msumeno ukikwama na breka ikaanguka, usibaki gizani na bledi bado inazunguka. Zile nane za ofisini, tyubu 16 za wati 36, zikiwa na choki za chuma, zingekula zaidi ya wati 600 kwa mwanga uliofifia.

Rangi ya mwanga: 4000K, nyeupe ya kati. Maduka mengi yamejaa 6500K, ile ya bluu, na ukipaka vanishi chini yake mninga unaonekana wa kijivu. Ukiitoa nje juani ni kitu kingine kabisa.

Kama hela umeshatoa, tyubu zishushwe zikiwa nzima, zisivunjwe karakanani, zina zebaki. Choki za chuma zina shaba ndani, wanunuzi wa chuma chakavu wanazichukua. Kama bado hujatoa, weka hapa picha ya kibandiko cha pembeni cha taa utakayoipata dukani kabla hujalipa, nitaisoma.