Maswali ya wasomaji: fani ya mhusika anayeweza mengi

Barua za safari hii zinahusu Dungeons & Dragons, toleo la tano: mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika mwenye fani na ngazi yake, msimulizi anaongoza hadithi, na kila jaribio huamuliwa kwa dadu ya pande 20 pamoja na bonasi. Pasipotajwa vingine, hesabu zinafuata faili la kanuni la bure liitwalo SRD 5.1, lililowekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023. Lipo kwa Kifaransa pia. Lipakue mara moja kwenye simu, halitakudai tena megabaiti.

*Jambo bayaya. Hapa Kamalondo tuko wachezaji watatu na msimulizi. Mmoja ni mpiganaji, mwingine mchawi. Mimi nimeachiwa yote yaliyobaki: kuponya, kufungua kufuli, kugundua mitego, kuongea na wakubwa. Nichukue fani gani nisije nikawa mtu wa kila kitu asiyefaa kwa lolote?*
— Msomaji wa Kamalondo

Chukua malenga, ambaye faili la Kifaransa linamwita barde. Lakini kabla hujaandika kitu kwenye karatasi, amua jambo moja ambalo wewe ndiwe utakuwa bora kuliko wenzako. Kwenu jambo hilo ni maneno: kushawishi, kudanganya, kupatanisha. Hayo mengine utayafanya vizuri, siyo vizuri sana. Mhusika aliyegawa nguvu zake sawasawa kila upande hushindwa kila jaribio gumu kwa pointi mbili tatu, na mwenye mhusika huyo huchoka kucheza mapema.

Una pointi 27 za kununulia uwezo; kanuni hii haimo kwenye SRD 5.1, imo kwenye kitabu cha mchezaji. Kila uwezo unaanza na 8. Ukitaka 10 unalipa 2, ukitaka 12 unalipa 4, 13 ni 5, 14 ni 7, 15 ni 9. Nunua Wepesi 15, Mvuto 14, Ustahimilivu 13, Busara 12, Akili 10, na Nguvu iache kwenye 8. Hapo zimekwisha zote 27. Asili yake iwe nusu-elfi, mtoto wa binadamu na elfi, maana anapata +2 kwenye Mvuto na +1 sehemu mbili unazochagua mwenyewe. Hizo mbili zipeleke kwenye Wepesi na Ustahimilivu. Sasa unayo Mvuto 16, Wepesi 16, Ustahimilivu 14. Tumezipanga ziwe shufwa kwa makusudi: nyongeza ya uwezo kwenye dadu hupatikana kwa kutoa 10 kisha kugawa kwa 2 na kushusha chini, kwa hiyo 15 inakupa +2 ileile ya 14, na pointi uliyolipia imekaa bure.

Upande wa ujuzi: malenga anachagua 3 wowote, historia yake ya awali, yaani maisha yake kabla ya mchezo, inampa 2, unusu-elfi unampa 2 tena. Ni 7 tangu ngazi ya kwanza. Kwenye ngazi ya 3 ingia Chuo cha Maarifa, uongeze 3. Hapo unao 10 kati ya 18 zilizomo kwenye mchezo mzima. Ngazi hiyohiyo unachagua ujuzi 2 ambao bonasi yake ya umahiri, ile namba unayoongeza kwenye dadu kwa jambo ulilolifuzu, inazidishwa mara mbili. Weka Ushawishi na Utambuzi: wa kwanza ndio kazi yako kuu, wa pili ndio unaoona mtego kabla mguu haujakanyaga.

Kufuli sasa. Wengi wanadhani kufungua kufuli ni ujuzi, wanautafuta kwenye orodha wasiuone. Ni umahiri wa chombo, vile vifaa vya mwizi, na malenga hapewi; yeye anapewa ala tatu za muziki. Faili lina kifungu cha kujitungia historia ya awali: ujuzi 2 wowote, pamoja na vyombo au lugha 2. Chukua vifaa vya mwizi hapo, halafu kumbuka kuvinunua pia. Umahiri bila chombo mkononi haufungui mlango.

Ngazi ya 2 inakuletea kile kinachomfanya malenga awe malenga: nusu ya bonasi ya umahiri, ikishushwa chini, kwenye kila jaribio la uwezo ambalo huna umahiri nalo. Ni +1 hadi ngazi ya 8, +2 kuanzia ya 9, +3 kuanzia ya 17. Inaingia hata kwenye dadu ya kupanga nani aanze vita, kwa kuwa nayo ni jaribio la Wepesi. Haiingii kwenye dadu ya shambulio wala ya kujinusuru, ile ya kukwepa madhara. Hapo msimulizi akizembea, malenga anabeba bonasi isiyo yake kampeni nzima.

Kwa kuponya, jifunze Neno la Kuponya kabla ya Kuponya Majeraha. Linarudisha pointi chache, d4 (dadu ya pande 4) na nyongeza ya Mvuto badala ya d8, ila unalitoa kama tendo la ziada, kwa umbali wa mita 18, na tendo lako kuu linabaki huru. Mwenzako aliyeanguka kwenye sifuri anahitaji pointi moja tu asimame na kupiga tena. Usimponye aliyekwaruzwa; nafasi zako za uchawi, yaani mara unazoweza kuutoa, kwenye ngazi ya kwanza ni 2 kwa siku.

Ujue na udhaifu wake. Anaanza na pointi 10 za uhai, akiwa na vazi la ngozi kinga yake ni 14, na maneno ya uchawi aliyojifunza ndiyo hayohayo: anaruhusiwa kubadilisha moja tu kila anapopanda ngazi. Kama kubadili uchawi kila asubuhi ndiko unakokutaka, kuhani ndiye anayefanya hivyo, lakini kufuli na maneno vitakulegea.

*Bayaya, mhusika wangu ana ngazi 8: mpiganaji 3, mchawi 3, mjanja 2. Nilitaka awe na kila kitu. Sasa wenzangu wa ngazi 8 wananipita vitani na nje ya vita. Kosa liko wapi?*
— Msomaji wa Katuba

Kosa liko kwenye ngazi ya 4 na ya 5, ambazo hukuzifika katika fani yoyote. Maongezeko ya uwezo hutolewa kwa ngazi ya fani, siyo ya jumla. Kwa fani nyingi ni ya 4, 8, 12, 16 na 19. Mwenzako mjanja wa ngazi 8 amekwisha pata mawili, mpiganaji mtupu amepata matatu kwa sababu ana la ziada kwenye ya 6, wewe huna hata moja. Kisha ngazi ya 5 ndiyo yenye mruko mkubwa: mpiganaji anaanza kupiga mara mbili, mchawi anafungua uchawi wa daraja la 3. Ulisimama kabla ya mlango huo mara tatu.

Bonasi ya umahiri inafuata ngazi ya jumla, na ndiyo sababu kwenye karatasi mhusika wako anaonekana mzima.

Muombe msimulizi akuruhusu kumpanga upya hivi: ngazi ya kwanza mpiganaji, kisha mchawi hadi ya 6, na katikati hapo ongeza ngazi ya pili ya mpiganaji. Jumla 8 ileile. Kuanza na mpiganaji kunakupa mavazi mazito na umahiri wa kujinusuru kwa Ustahimilivu, ambao ndio unaokusaidia kutopoteza umakini ukipigwa wakati uchawi wako unaendelea. Ukiingia upiganaji baadaye, mavazi mazito hupewi, na umahiri huo wa kujinusuru pia hupewi. Mpiganaji wa ngazi 2 anakuletea tendo la pili ndani ya zamu moja, mara moja kila baada ya pumziko. Mchawi wa 6 anakuletea daraja la 3 na ongezeko moja la uwezo. Ujanja uache, chukua tu Kunyata katika historia yako ya awali.

Masharti ya kuchanganya yakague kabla ya kufuta chochote: Akili 13 kwa mchawi, Nguvu au Wepesi 13 kwa mpiganaji. Na mkono mmoja ubaki wazi kwa ishara za uchawi. Mwenye upanga huku na ngao kule anakwama raundi ya kwanza.

Kwa atakayeuliza: kupiga mara mbili kwa fani moja na kupiga mara mbili kwa fani nyingine hakujumlishwi kuwa mara tatu.

*Meza yetu wengine wana kanuni za 2014, wengine za 2024. Malenga wangu afuate zipi?*
— Msomaji wa Kampemba

Faili moja kwa meza nzima; SRD 5.1 tunayoifuata hapa ni ya kanuni za 2014. Tofauti zinagusa mifupa ya mhusika: kwenye kanuni za 2024 nyongeza za uwezo zinatoka kwenye historia ya awali, siyo kwenye asili, malenga anazidisha ujuzi mara mbili tangu ngazi ya 2, Neno la Kuponya ni 2d4. Nusu-elfi tuliyemtaja juu hayumo. Kanuni mpya nazo zina faili lake la bure, SRD 5.2, la mwaka 2025.

*Dadu za pande 20 hatuzipati mjini. Tunatumia dadu tatu za kawaida na kujumlisha. Ni sawa?*
— Msomaji wa Ruashi

Wastani ni uleule, 10.5, ila mchezo unakuwa mwingine. Dadu tatu hazitoi 1, 2, 19 wala 20, na 18 yenyewe inatoka mara 1 katika 216, wakati kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi 1 kati ya 20. Mahiri atafaulu karibu kila mara, na asiye mahiri atafaulu mara chache sana kwenye majaribio magumu. Mhusika wa mambo mengi ndiye anayeumia zaidi, maana yeye anaishi kwa bonasi ndogondogo.

Tafuta vifuniko 20 vya chupa vya aina moja, viandike namba kwa ndani, vitie kwenye mfuko usioonyesha. Chomoa kimoja, soma, kirudishe, tikisa. Unapotakiwa kutupa mara mbili, rudisha cha kwanza kabla ya kuchomoa cha pili. Mfuko huo unatoa na d10: ikizidi 10, toa 10. Kwa d4, gawa kwa 4 uchukue baki. Baki sifuri ni 4. Kwa d12 tumia dadu mbili za kawaida: ya kwanza usome, ya pili ikiwa witiri acha ilivyo, ikiwa shufwa ongeza 6. Kwa d8 chomoa mfukoni na urudie kila ikizidi 8.

*Nataka kutunga fani mpya: mtunza lukasa, mtu wa Mbudye (chama cha watunza kumbukumbu cha Waluba) anayejua historia ya wafalme wa Kiluba, anayepigana na kuroga pia. Nianzie wapi?*
— Msomaji wa commune ya Kenya, Lubumbashi

Wazo lako ni zuri kuliko mengi yanayotufikia, na linastahili kufanyiwa kazi vizuri. Lukasa, ule ubao wa mbao wenye shanga na kauri ambao watu wa Mbudye huusoma kwa kidole huku wakisimulia, unakaa mahali pa ala ya malenga bila kubadilisha kanuni hata moja. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza ni usitunge fani. Chukua malenga wa Chuo cha Maarifa umvike upya. Lukasa ndicho chombo chake cha kuelekezea uchawi, kinashikwa kwa mkono mmoja. Dadu ya kutia moyo, d6 kwa mwenzako aliye ndani ya mita 18, ni kumtajia tendo la mkubwa wa zamani kama Kalala Ilunga. Neno la kukata, linalopunguza dadu ya adui, ni kumkumbusha adui aibu ya ukoo wake. Ujuzi wa Historia uuzidishe mara mbili. Uwezo wake wa kupigana utakuwa wa wastani, na iwe hivyo.

Ukiona bado haitoshi, tunga, lakini kwa kupima. Anza na dadu ya uhai: d6 ya mchawi, d8 ya malenga na mjanja, d10 ya mpiganaji. Mwenye uchawi kamili asizidi d8. Umahiri wa kujinusuru ni wa aina 2: mmoja kutoka Wepesi, Ustahimilivu au Busara, ambazo huitwa mara nyingi, na mmoja kutoka Nguvu, Akili au Mvuto. Ukimpa Wepesi na Busara pamoja, umempa ngao isiyoonekana. Ujuzi uwe 2, au 3 kama malenga, na usipite 4 za mjanja. Maongezeko ya uwezo yaache kwenye ngazi zilezile za 4, 8, 12, 16 na 19.

Kipimo kigumu ni ngazi ya 5. Mpiganaji mwenye Nguvu 18 na upanga wa d8, mapigo yote mawili yakiingia, anatoa wastani wa 17 kwa raundi, siku nzima. Mjanja mwenye Wepesi 18 na upanga mfupi anatoa 18, akipata nafasi ya kuvizia. Mchawi anarusha mpira wa moto wa 8d6, wastani 28 kwa kila aliye ndani akishindwa kujinusuru, ila nafasi za daraja hilo anazo 2 tu. Mtunza lukasa wako akipiga mara mbili na kuwa na uchawi wa daraja la 3 kwenye ngazi hiyohiyo, amechukua kazi ya watu wawili. Mchagulie moja, au umpe nusu ya uchawi kama paladini, fani ya askari mtakatifu, ambaye daraja la 3 analifikia ngazi ya 9.

Andika ngazi za 1, 5 na 11 peke yake kwanza, umchezeshe vita tatu katika kila moja pamoja na mpiganaji na mchawi wa ngazi ileile, kwa siku moja ya mchezo bila pumziko refu katikati. Andika nani alitoa madhara kiasi gani na nani alibaki na nafasi za uchawi. Kama mtunza lukasa anaongoza safu zote mbili, punguza uchawi kwanza, siyo ujuzi. Ujuzi ndio unaomfanya awe mtu wa Mbudye.