Jibu kwa dada mwenye binti wa miaka 9: shule na mafunzo ya kupanda farasi

Dada uliyeanzisha uzi huu, nimekusoma vizuri. Binti yako ana miaka 9, amekung'ang'ania umpeleke kwenye mafunzo ya kupanda farasi, baba yake anahofia ataanguka, na mwalimu wa darasa keshasema masomo yatashuka. Wadau wengi waliotangulia wamekujibu "mruhusu" au "asithubutu" kisha wakajiondokea. Mimi nitakuchosha kidogo. Nilianza kupanda nikiwa na umri wa huyo binti yako, nikaendelea hadi namaliza sekondari, na siku hizi mwisho wa wiki namsaidia mwalimu wa farasi kufundisha watoto wanaoanza.

Kwa ufupi, shule na farasi vinakaa pamoja bila ugomvi, ila usipange kwa kuhesabu muda ambao mtoto yuko juu ya farasi. Panga kwa kuhesabu kila kinachomzunguka yule farasi. Hapo ndipo wazazi wengi wanapigwa chenga.

Somo la anayeanza ni nusu saa hivi, na likirefuka sana ni saa nzima. Mzazi anaiona hiyo nusu saa, anaichomeka katikati ya wiki baada ya shule, anajiambia mtoto akirudi atafanya kazi zake za nyumbani. Sasa fuatana nami. Mtoto anatakiwa afike mapema amtoe farasi bandani, ampige brashi, amchokoe kwato, amtandike. Ndipo apande. Akishuka amtembeze hadi pumzi itulie, amtandue, amfute jasho la mgongoni, amrudishe bandani, apange vifaa mahali pake. Halafu njia ya kurudi nyumbani, halafu kuoga (ataoga tu, atake asitake, harufu ya farasi haina staha). Jioni imekwisha. Aliyebaki mezani ni mtoto mwenye mapaja yanayotetemeka, anayeandika jibu la swali la tatu kwenye nafasi ya swali la pili. Kesho akisinzia darasani mwalimu atamlaumu farasi, na mimi simshangai, ila tatizo ni ratiba.

Mama yangu alilimaliza hili tangu mwanzo. Somo langu lilikuwa Jumamosi asubuhi, na kazi zote za shule za mwisho wa wiki zilifanywa Ijumaa jioni kabla sijagusa buti. Buti zilikaa chumbani kwake! Wiki za mitihani somo lilisogezwa mbele, kila mtu akijua mapema, mwalimu wa farasi pia. Hakuna aliyenuna.

Kuna jambo moja ambalo ningekuomba sana ulikwepe: usimfanye farasi kuwa adhabu. "Umefeli hisabati, wiki hii huendi." Nimewaona watoto waliolelewa hivyo. Kwanza wanajifunza kuficha karatasi za mtihani. Pili, mwili wa anayeanza unasahau upesi, akikosa masomo mawili matatu anarudi akiwa mgumu kama ubao, anaogopa, na farasi anaihisi ile hofu kupitia miguu na mikono yake. Kama hisabati ina shida, tafuta msaada wa hisabati. Kama muda ni mfinyu kweli, punguza masomo kwa utulivu kwa muhula mzima, isiwe kwa hasira ya siku moja.

Sasa nikuambie mtoto anafanya nini hasa kule, maana naona wadau wanadhani anapandishwa tu na kuzungushwa.

Siku za mwanzo anajifunza kumkaribia farasi. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu kila upande, isipokuwa sehemu ndogo mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mkia. Mtoto anayetokea nyuma kimyakimya anamshtua mnyama wa kilo 450 au 500, na farasi aliyeshtuka hupiga teke kwanza. Kwa hiyo unamfundisha aje kwa upande wa bega, aseme kitu, aweke kiganja shingoni. Unamfundisha kusoma masikio. Yakielekea mbele, farasi anafuatilia jambo. Yakilegea kandokando, ametulia. Yakilala nyuma yakaganda kichwani, ondoka hapo, maneno baadaye. Watoto hushika hili haraka kuliko sisi watu wazima, nadhani kwa sababu wao bado wanatazama nyuso za watu kwa makini.

Kisha kwato. Hapa ndipo ninapompima mtoto. Anasimama ubavuni akitazama upande wa mkia, anapitisha mkono taratibu kutoka begani kushuka mguuni, anabana kidogo juu ya kwato, na farasi mwenye mazoea anaunyanyua mguu mwenyewe. Anauegemeza mkononi, anachokoa tope na vijiwe kuanzia kisiginoni kuelekea kwenye ncha, akipita kwa upole ile sehemu laini ya katikati yenye umbo la pembetatu. Miguu yote minne. Kuna mtoto wa kike tuliyekuwa naye, mwembamba, msema ovyo, shuleni hakai kitini. Mguu wa kwanza ulimshinda kwa sababu alikuwa anauvuta, na farasi akawa anamwegemea kwa uzito wote, akiwa amefumba macho kabisa. Mwalimu hakumsaidia. Alimwambia tu, "Acha kuvuta, muombe." Yule mtoto akanyamaza, akapitisha mkono upya, polepole, akasubiri. Mguu ukanyanyuka. Sikuwahi kumwona akisubiri kitu chochote kabla ya siku ile.

Akipanda, ataanzia kwenye kamba ndefu. Mwalimu anasimama katikati, farasi anamzunguka kwa hatua za kawaida, mtoto hana hata hatamu mkononi. Kazi yake ni kukaa: sikio, bega, nyonga na kisigino vilingane kama uzi uliotundikwa, kisigino kishuke chini ya ncha ya kiatu. Mikono anaitandaza, anagusa masikio ya farasi, anazungusha mabega. Wazazi wengine hulalamika hapa kwamba wamelipia mtoto azunguke kama tiara. Waache walalamike. Mtoto anayepewa hatamu kabla hajajua kukaa atajishikilia kwa hatamu, na ncha ya pili ya hatamu ni lijamu, chuma kilichomo kinywani mwa farasi.

Baada ya hapo ni matiti, yaani ule mwendo wa farasi wa kukimbia polepole kwa kudundadunda, na matiti ndiyo inayoliza watoto. Kwenye hatua za kawaida farasi hukanyaga mapigo manne, moja moja. Kwenye matiti miguu hukanyaga miwilimiwili kimshazari, mapigo mawili, na kila pigo linakurusha juu. Dawa yake ni kuinuka na kukaa kwa kufuata pigo: juu, chini, juu, chini. Inaonekana rahisi ukiwa umesimama uani. Ukiwa juu, unainuka pale anapokushusha, unashuka pale anapokurusha, meno yanagongana. Mwalimu anahesabu kwa sauti, wewe huelewi, wiki inapita, nyingine inapita, halafu siku moja mwili unaingia kwenye pigo wenyewe, na hujui ulifanya nini tofauti. Mimi baada ya siku hiyo nilikuwa nainuka na kukaa kwenye kiti cha darasani hadi mwalimu akanihamisha mbele.

Kuhusu alama, sitakudanganya kwamba farasi huzipandisha. Sijaona. Nilichokiona ni watoto wanaojua kuandaa vifaa vyao usiku, wanaojua kwamba kazi iliyorukwa leo itamwumiza mtu kesho, kwa maana kijiwe ulichokiacha kwenye kwato kitamfanya farasi achechemee na wewe utakosa somo. Baadhi yao huhamishia tabia hiyo kwenye daftari. Baadhi hawahamishi, wanakuwa nadhifu bandani na vurugu darasani.

Ingawa hesabu kidogo ipo, na watoto huipenda. Urefu wa farasi hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye nundu ya mabega, na kipimo cha jadi ni upana wa kiganja, ambao umewekwa kuwa inchi 4, yaani sentimita 10.16. Farasi wa viganja 14 na inchi 2, karibu sentimita 147, yuko kwenye mpaka unaotenganisha farasi wadogo na wakubwa. Huandikwa 14.2. Sasa muulize mtoto, baada ya 14.3 inafuata nini? Wengi husema 14.4, na jibu ni 15.0, kwa sababu inchi ya nne imekamilisha kiganja kingine. Nimewahi kuona watoto wakibishana juu ya hilo mapumziko yote.

Kuna mdau hapo juu kaandika kuwa mchezo huu si wa mabinti. Ndugu yangu, kwenye Olimpiki wanawake na wanaume wanashindana pamoja katika upandaji farasi, medali zilezile, hadi leo. Mwaka 1952, Olimpiki ya Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia kwenye dresaji, yaani mashindano ya kumwongoza farasi kwa miondoko ya ustadi. Lis Hartel wa Denmark alichukua medali ya fedha hapohapo. Alikuwa amepooza chini ya magoti kwa sababu ya polio na alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1956 akachukua fedha tena.

Hofu ya shemeji ni ya haki na sitaibeza. Anayepanda farasi kwa muda mrefu ataanguka siku moja, na mwalimu anayekuahidi vinginevyo mkimbie. Kinachowezekana ni kupunguza madhara. Helmeti iwe ya kupandia farasi, si ya baiskeli, ikae sawa kichwani bila kucheza, na ikipata kipigo kikali inabadilishwa hata kama haina ufa unaoonekana. Viatu viwe na kisigino kidogo na soli isiyo na meno makubwa, ili mguu usipenye kwenye rikabu (kile kikanyagio kinachoning'inia kwenye tandiko) ukanasa, kwa maana kuburutwa ni kubaya kuliko kuanguka. Skafu na mikufu ibaki nyumbani. Na kamba ya kumwongozea farasi kamwe isizungushwe mkononi, hata "kidogo tu".

Kabla hujalipa chochote, nenda katazame somo la watoto wengine, bila binti yako, maana yeye atakwambia pote ni pazuri. Tazama farasi kwanza. Mbavu zimetokeza? Kwato zimepasuka? Kuna vidonda pale tandiko linapokaa? Maji yapo bandani na ni safi? Farasi aliyechoka au anayeumwa mgongo ndiye anayerusha watoto. Kisha sikiliza mwalimu anaongeaje mtoto akikosea, na anaongeaje na farasi. Uliza watoto wanajiandalia farasi wenyewe au wanaletewa ameshatandikwa. Wakiletewa, mtoto anauziwa nusu ya mafunzo. Uliza pia anayeanza anapewa farasi gani. Unataka kusikia kwamba ni mzee, mpole, aliyezoea watoto, na wa kimo kinachomfaa.

Usinunue buti za bei, usinunue suruali maalumu, na kwa jina la Mungu usimwahidi farasi wa kwake. Suruali isiyobana yenye mshono laini ndani ya mapaja inatosha kwa sasa. Helmeti mabanda mengi huwaazima watoto, ila hakikisha inamkaa. Mpe muhula mmoja wa Jumamosi. Siku ya mvua, ambayo somo limeahirishwa na kazi iliyopo ni kuzoa kinyesi na kubadilisha nyasi za kulalia, muulize kama bado anataka kwenda.