Kwenye lami naenda vizuri, kona ya nyumbani inanilaza

SWALI: Mwangaluka mwandishi. Mimi nauza dagaa, nachukua mzigo soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, napeleka Buswelu. Nilikuwa namlipa bodaboda kila siku, nikaona bora ninunue pikipiki yangu, nikapata Boxer 150 ya mkononi. Kwenye lami naenda vizuri tu hata gia ya nne. Shida ni kona ya kuingia nyumbani, ni ya kulia, kichochoro chembamba na pembeni kuna jiwe kubwa kama unavyojua milima yetu. Nikifika pale napunguza mwendo, nabana klachi yote, nashika breki ya mkono, nashusha miguu, pikipiki inalala. Nimeanguka mara tatu, ya mwisho ekzosi imeniunguza mguu. Mume wangu anasema pikipiki imenizidi uzito. Ni kweli?
Mama Dagaa, Buswelu

JIBU: Mwangaluka dada, pole sana na huo mguu. Shemeji mwambie hapana, uzito sio shida. Boxer ina kilo zaidi ya 100, ikishaanza kulala hata mwanaume mwenye misuli yake inamlalia. Kinachoisimamisha ni kule kutembea, na wewe ukifika kwenye kona ndo unaikatia mwendo. Ukibana klachi yote injini haisukumi tena tairi la nyuma, pikipiki inaserereka tu, mwendo unakufa katikati ya kona na yenyewe imeshainama, sasa itasimama na nini? Afu juu yake unaongeza hiyo breki ya mkono, ambayo ndo ya tairi la mbele, wakati usukani umekata, hiyo ndo inayokuangusha ghafla. Kwenye kona ya taratibu breki ya mkono iache kabisa.

Fanya hivi. Weka gia ya kwanza, fungua mafuta kidogo na uyaache hapohapo usiyachezee, achia klachi polepole mpaka usikie sauti ya injini imebadilika na pikipiki inataka kuondoka. Hapo ndo pa kukaa, madereva wanapaita hafu klachi. Ukitaka kwenda zaidi achia kidogo, ukitaka kupoa bana kidogo, kidogo tu, sio yote. Mguu wa kulia ukanyage breki ya nyuma kwa mbali, iwe kama imeshikilia, ili injini inavuta na breki inazuia, utashangaa pikipiki inavyotulia, yaani unaenda mwendo wa mtu anayetembea na haitikisiki. Na miguu ikae juu ya pedeli dada yangu, ukiiburuza chini hiyo breki utaikanyaga na nini.

Sasa lile jiwe. Naamini unaliangalia, kila mwanafunzi anaangalia kitu anachokiogopa, na jicho likienda kwenye jiwe mikono inafuata. Kabla hujakata kona geuza kidevu chako kabisa, tazama kule ndani kwenye mlango wako, usitazame tairi la mbele wala hilo jiwe. Hili peke yake limewasaidia watu wengi kuliko maneno mengine yote ninayokwambia hapa.

Kona ya kulia ina lake pia, usukani ukikata sana mkono wa mafuta unakuja karibu na tumbo, kiwiko kinajikunja na unajikuta umevuta mafuta bila kutaka. Inua kiwiko kidogo. Na usilale pamoja na pikipiki kama wale wa mashindano, wao wako kwenye spidi, sisi tunakwenda taratibu, iache yenyewe iiname chini yako wewe ubaki wima, ukikata kulia kalia tako la kushoto.

Usijifunzie kichochoroni tena. Omba uwanja wa shule Jumapili, pasiwe na changarawe nyingi wala tope, nenda bila mzigo, vaa suruali nzito na viatu vya kufunika mguu na helmeti ifungwe. Jaza mchanga chupa mbili za maji, ziweke mbalimbali hatua kama 15, zunguka moja kulia nyingine kushoto upate umbo la namba nane, kubwa kwanza, ikikubali sogeza chupa karibu. Dakika 20 zinatosha kwa siku, mkono wa klachi ukichoka unaanza kukosea. Uingereza huwezi kufanya mtihani wa pikipiki wa barabarani kabla hujafaulu wa uwanjani, na huko wanapima hiyo hiyo nane, kupita katikati ya koni, kwenda taratibu na kupiga yutani. Kwetu wengi tunaanza na lami kisha tunaumia getini kwetu.

Dagaa zirudishe ukishaweza nane ndogo, anza na gunia moja, lifunge chini na libane, maana mzigo ukikaa juu na nyuma usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba.

SWALI: Nami najifunza, niko Igoma. Fundi kaniambia hafu klachi inaunguza pleti za klachi. Niache?
Kijana wa Igoma

JIBU: Usiache mdogo wangu, ila fundi wako hajakosea kabisa. Pleti za pikipiki nyingi hizi tunazotumia zinalowa ndani ya oili ya injini, oili inazipoza, kwa hiyo mazoezi ya dakika chache na mafuta kidogo hayaziui. Zinaungua ukivuta mafuta mengi huku klachi imebanwa nusu, kama wanaopanda mlima wa Bugando na abiria wawili kwa mtindo huo. Ukisikia harufu ya kuungua, au injini inalia na pikipiki haiendi, simama ipoe. Cheki pia mkono wa klachi uwe na nafasi kidogo kabla haujaanza kuvuta waya, na cheni isilegee sana, ikilegea pikipiki inashtukashtuka ukienda taratibu na utadhani ni wewe hujui.