Kodi ya A inagombana na waimbaji kwenye "Hava Nagila"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwaya yetu inajifunza "Hava Nagila", wimbo wa Kiyahudi. Napiga kinanda kwa A maina na noti zote zinakubali, lakini mstari ukiisha, kodi ya A (noti zake zikipigwa pamoja) inagombana na waimbaji. Nakosea wapi? Na mbona karatasi haina jina la mtunzi?

Jibu: Marahaba. Noti zako ni sahihi. Ulichokosea ni mahali pa kutua. Waimbaji wanatua E. Waandikie sol-fa ya mwanzo: m, m se f m (se ni s iliyopandishwa nusu toni). Kutoka se kushuka f ni nusu toni tatu, na hapo ndipo wengi huteleza, kwa hiyo waimbishe kipande hicho peke yake, polepole, mpaka masikio yazoee. Ngazi nzima ni m f se l t d r m. Wayahudi huiita Ahava Raba, "upendo mkuu", kwa jina la sala yao ya asubuhi. Mpiga udi wa taarab akiisikia atakwambia ni hijazi, moja ya makamu (ngazi za muziki wa Kiarabu), na hatakuwa mbali.

Basi E meja iwe nyumbani, A maina uipitie tu, na mwisho wa mstari piga D maina kisha E. B7 iache: ina F# na D#, ambazo hazimo kwenye ngazi hii. Ukifika penye maneno "Uru ahim", hapo wimbo unahamia A maina kweli; kodi zako za sasa zitafaa.

Kuhusu jina, naomba msiliache. Abraham Zvi Idelsohn, mzaliwa wa Latvia mwaka 1882, alikuwa mwimbishaji wa sinagogi. Akiwa Jerusalem alirekodi kwa fonografu (mashine ya zamani ya kurekodi sauti) nyimbo na sala za Wayahudi waliotoka Yemen, Uajemi, Moroko na kwingineko, akaziandika noti kwa noti. Kazi hiyo ilitoka katika majuzuu 10, kuanzia 1914 hadi 1932. Makamu za Kiarabu pia alizichunguza kwa makini. Huu wenu ulikuwa wimbo usio na maneno wa Wahasidi (Wayahudi wa kundi moja la kidini) wa Sadigura, mji ulioko Ukraine ya leo. Yeye aliupanga kwa kwaya mwaka 1918. Maneno ya wimbo yako karibu sana na Zaburi 118:24. Alifariki Johannesburg mwaka 1938, na hata wanaoucheza kila harusi hawamjui.

Kwenye ratiba ya tamasha andikeni: "Wimbo wa Wahasidi wa Sadigura, umepangwa na A. Z. Idelsohn."