Kamasi, ute na vimeng'enya

SWALI: Naandika makala za afya. Niliandika, "Kamasi ina enzaimu zinazokula bakteria." Mhariri akabadilisha: "Ute wa njia ya hewa una vimeng'enya vinavyommeng'enya bakteria." Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri wako amepatia jina, akakosea kitenzi.

Kamasi ni la puani. Linalotolewa kwa kukohoa ni kohozi, na wapo wanaoliita balghamu. Ute ni jina pana zaidi: ni majimaji mazito yanayoteleza, yawe puani, kooni au ndani ya mirija ya mapafu. Kwa kuwa makala yako inahusu njia nzima ya hewa, ute ndio unaofaa. Hata sehemu nyeupe ya yai tunaiita ute, na kwa bahati nzuri kimo humo kimeng'enya kilekile cha lisozaimu kinachopatikana katika kamasi, machozi na mate. Mwanasayansi Alexander Fleming alikigundua London mwaka 1921, miaka saba kabla ya penisilini, alipoona kamasi la mtu mwenye mafua likiwayeyusha bakteria aliowaotesha maabara.

Ukiamua kubaki na kamasi, basi andika "kamasi lina" au "makamasi yana". "Kamasi ina" tunaisikia kila siku, lakini kwenye maandishi rasmi inakwaruza.

Enzaimu au kimeng'enya? Yote mawili yanatumika kwa protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Mimi napendelea kimeng'enya, kwa kuwa limeshazoeleka katika vitabu vya sayansi na linapatanishwa bila taabu: kimeng'enya hiki, vimeng'enya hivi.

Tatizo ni "vinavyommeng'enya". Kwanza, -m- inamfanya bakteria awe mmoja, na sidhani kama mhariri alikusudia hivyo. Kwa wengi ni -wa-. Pili, msomaji akikutana na -meng'enya anafikiria chakula tumboni. Kitenzi chako, -kula, kinampeleka kulekule. Kinachotokea ni kingine: lisozaimu hukata viungo vinavyoshikilia ukuta wa bakteria. Ukuta ukilegea, maji hujaa ndani, naye hupasuka. Laktoperoksidesi, kimeng'enya kingine kilichomo kwenye ute huo, hakikati ukuta. Kazi yake ni kutumia haidrojeni peroksaidi kutengeneza kemikali inayowadhuru bakteria. Kitenzi kimoja cha kuvifaa vyote viwili ni -shambulia au -angamiza.

Nisingeandika "vinavyoua bakteria wote" pia. Wapo bakteria wenye utando wa nje unaoukinga ukuta, na lisozaimu peke yake huwa haiwafikii kwa urahisi. Hao hudhibitiwa kwa msaada wa protini nyingine za ute, na vinyweleo vidogo vya ndani ya njia ya hewa vinavyousukuma ute kuelekea kooni.

Mimi ningeandika: "Ute wa njia ya hewa una vimeng'enya vinavyosaidia kuangamiza bakteria." Neno "vinavyosaidia" mhariri asilikate.