Ukianza kusikiliza albamu za kelele, anza na spika

Wengi wanaoonja muziki wa kelele (noise), unaojengwa kwa mkwaruzo, mayowe na mingurumo, huuzima kabla ya dakika ya tatu, na mara nyingi kilichowashinda si albamu, ni spika. Sabufa nyingi za vyumba vya kupanga hapa Mwanza zimefunguliwa besi hadi mwisho. Ukipigia humo albamu ya Duma, kundi la Nairobi, iliyotoka 2020, besi inameza ngoma, mayowe yanakuwa mkwaruzo mtupu na bati linaanza kuitikia. Rudisha besi na trebo (sauti za juu) katikati. Sabufa itoe kwenye kona, maana kona huongeza besi.

Halafu pima mkwaruzo ni wa nani. Punguza sauti hadi robo: mkwaruzo ukipotea, spika ilikuwa imezidiwa, ukibaki vilevile ila kwa chini, msanii kauweka makusudi. Ukiwa bado na shaka, sikiliza kipande hichohicho kwa hedifoni za waya. Spika ya simu usiitumie kabisa, besi ya chini haiifikii.

Kwa mpangilio, singeli itangulie, kwa kuwa sikio la Mtanzania limeshaizoea kasi. Tafuta Sounds of Sisso, mkusanyiko wa nyimbo za vijana wa Dar es Salaam uliotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Humo mapigo hupita 200 kwa dakika. Ukihangaika kuyafuata yote utachoka bure. Shika sauti moja inayojirudia, kaa nayo. Duma wafuate. Merzbow, msanii wa kelele wa Japani, abaki wa mwisho: albamu yake Pulse Demon ya 1996 inazidi saa nzima, haina mdundo wala melodi. Hapo wageni hukwama kwa sababu wanangoja biti idondoke, nayo haidondoki. Chukua dakika kumi tu. Sikiliza mngurumo wa chini, rudia, safari hii fuata mlio wa juu. Andika dakika na mwili ulifanya nini: "4:10, meno yamekazana." Hiyo inafaa kuliko "kali sana", ambayo hata mchuzi huambiwa.

Bando nalo lina hesabu yake. MP3 ya kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 2.4 kwa dakika. FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti, hupunguza faili kwa kukisia sauti inayofuata, na kelele haikisiki, kwa hiyo faili za Merzbow hubaki nzito. Lakini usikimbilie MP3 ya kbps 128: kelele za juu huanza kububujika kama maji ya sufuria, ukadhani ndivyo zilivyorekodiwa.

Masikio yana kikomo. Desibeli 85 huvumilika saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu, hivyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Masikio yakipiga mluzi baada ya kuzima, siku hiyo imeisha. Kesho anza chini zaidi, na mvua ikianza kupiga bati usishindane nayo kwa kuongeza sauti.